Sura ya Tano: Kabla Jua Halijachwa

Katika makanisa mengi ya kwetu, wakati wa kutoa sadaka husomwa Malaki 3:10. Waumini wanaujua mstari huo hata kabla mhubiri hajafungua Biblia: ule wa zaka, ghala na baraka zinazofurika. Bahasha zinapita, kwaya inaimba, watu wanatoa kwa moyo mweupe. Sina ugomvi na mstari huo. Ninachoomba ni kwamba usifunge kitabu. Panda juu mistari mitano tu, usome 3:5.

Hapo Mungu anasema anakuja kuhukumu, na hataki kucheleweshwa. Anawataja watakaosimama mbele yake: wachawi, wazinzi, wanaoapa kwa uongo, na wanaomdhulumu mfanyakazi ujira wake, pamoja na wanaomwonea mjane, yatima na mgeni. Isome orodha hiyo polepole. Sisi ni watu tunaomwogopa mchawi. Kijiji kizima kinaweza kukosa usingizi kwa uvumi wa uchawi, na kanisani tunafanya mikesha ya maombi dhidi yake. Nabii amemweka mwajiri asiyelipa kwenye mstari uleule na mchawi, wala hakuvuta pumzi katikati. Bado sijahudhuria mkesha wa kumkemea mwajiri wa namna hiyo.

Tukiendelea kuchunguza, tunaona kwamba mistari hiyo miwili, wa tano na wa kumi, imetoka katika shida moja. Malaki alisema na watu waliorudi kutoka Babeli, Hekalu likiwa limeshajengwa upya. Nehemia, katika sura yake ya 13, anatupa picha ya nyakati za namna hiyohiyo: Walawi na waimbaji walikuwa hawapewi posho zao, basi wakaiacha huduma na kila mmoja akarudi kulima shamba lake. Ghala la Hekalu ndilo lililowalisha, na ghala lilikuwa tupu. Zaka ilikuwa chakula cha watu waliofanya kazi bila kuwa na urithi wa ardhi. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaongeza kwamba kila mwaka wa tatu zaka ibaki mjini, wapate kula Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kwa hiyo nabii anapowaambia watu walete zaka, na anapowaonya wasizuie mshahara wa mtu, anazungumzia jambo moja: kuna watu ambao riziki yao iko mikononi mwako, na umeikalia.

Wanaojifunza Biblia huniuliza mara nyingi namna ya kuyaingiza Maandiko katika maisha ya kila siku. Wanapouliza, mawazo yao huwa kwenye maombi ya asubuhi, ndoa, malezi ya watoto, namna ya kuzuia hasira. Yote hayo ni mema, na baadhi yake yana sura zake mbele katika kitabu hiki. Lakini mimi huwarudishia swali: uliyempa kazi wiki hii, umeshamlipa? Swali hilo linawashangaza, kana kwamba nimetoka nje ya mada. Sura hii nzima nimeiandika ili kuonyesha kwamba sijatoka.

*

Sheria ya Musa haikutosheka kuagiza watu walipe. Ilitaja na saa.

Fungua Kumbukumbu la Torati 24:14-15. Kibarua aliye maskini asionewe, awe ndugu yako au mgeni anayekaa katika nchi yako. Ujira wake apewe siku ileile, jua lisichwe kabla hajaupata. Na sababu inatolewa palepale, jambo ambalo sheria hailifanyi mara zote: mtu huyo ni maskini, na moyo wake wote uko kwenye ujira ule. Asipolipwa atamlilia Mungu, na mwajiri atahesabiwa dhambi.

Anayetaka kuelewa sababu hiyo aende saiti yoyote ya ujenzi saa kumi na mbili jioni. Saidia fundi amepandisha zege kwa ndoo tangu asubuhi. Sasa amenawa miguu kwa maji ya pipa, yale yaliyobaki na weupe wa saruji, amevaa shati alilokuja nalo, na amekaa juu ya tofali karibu na geti. Hasemi kitu. Pembeni yake kasimama mama lishe na kidaftari, kwa kuwa wali na maharage ya mchana waliyala kwa mkopo. Nyumbani kwa yule kijana sufuria haijabandikwa. Unga utanunuliwa kwa hela ya leo, nusu kilo, na mafuta ya kupima, na kipande cha sabuni. Kisha simu ya fundi mkuu inalia. Bosi anasema hajawahi benki, waambie waje Jumatatu.

Kwa bosi, kutoka Ijumaa hadi Jumatatu ni siku tatu za kawaida tu. Kwa kijana aliyekaa juu ya tofali, ni jioni ya leo bila chakula, nauli ya kukopa, mama lishe ambaye kesho hatamkopesha mwenzake, na mke atakayedhani hela imenywewa njiani. Sheria ilitaja jua kwa sababu Mungu anaijua tofauti ya siku hizo kwa hao watu wawili. Tajiri anahesabu kwa miezi. Kibarua anahesabu kwa milo.

Walawi 19:13 inasema hilohilo kwa namna nyingine: ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Na maneno hayo yamewekwa ndani ya mstari unaokataza unyang'anyi. Kuchelewesha hakukuitwa usahaulifu, wala ugumu wa maisha. Sasa teremka mistari mitano, ufike 19:18. Utaikuta amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ile ambayo Bwana Yesu aliiweka pamoja na amri ya kumpenda Mungu. Tumeichonga kwenye mbao, tumeitia kwenye kalenda na khanga. Ilipozaliwa, ilikuwa na majirani wake: masazo ya shamba yaachiwe maskini, kipofu asiwekewe kikwazo, mizani isipunjwe, ujira usilale. Upendo katika sura ile una vipimo. Mtu anaweza kujua jioni kama amependa au hakupenda.

Hii ndiyo kanuni ya kusoma ninayokusihi uichukue kuliko kanuni nyingine zote za kitabu hiki. Mstari unaoupenda, usome pamoja na jirani zake wa juu na wa chini. Makosa yetu mengi ya kufasiri hayatokani na kukosa Kigiriki. Yanatokana na kuung'oa mstari mahali ulipopandwa.

*

Mwaka 1960, mwanaakiolojia Joseph Naveh alikuwa akichimba magofu ya ngome ndogo kwenye pwani ya Mediteranea, kusini kidogo mwa Yavne-Yam, katika nchi ya Israeli ya leo. Ngome hiyo inaitwa Mesad Hashavyahu. Humo kilipatikana kigae cha chungu kilichoandikwa kwa wino, Kiebrania cha kale, cha miaka ya mwisho ya karne ya 7 kabla ya Kristo. Wataalamu wengi wanakiweka katika utawala wa mfalme Yosia. Ni mashtaka ya mvunaji. Inaonekana alimsimulia mwandishi, naye akayaandika ili yamfikie mkuu wa eneo.

Mvunaji anaeleza kwamba alivuna, akapima, akaweka ghalani kama alivyoagizwa. Alipokwisha kumaliza, akaja mtu aitwaye Hoshayahu mwana wa Shobai akachukua vazi lake. Anasema wenzake waliovuna pamoja naye juani watamshuhudia kwamba hana kosa. Anamwomba mkuu amrudishie vazi. Na hata kama mkuu haoni kwamba analazimika, basi amhurumie.

Mimi kila nikifikiria kigae hicho najisikia kama nimeingiliwa na mtu ndani ya chumba changu cha kusomea. Jina lake halimo katika maandishi yaliyobaki. Aliyemnyang'anya ndiye tunayemjua kwa jina mpaka leo, na jina la baba yake. Lakini malalamiko ni ya mvunaji, na yamesikika miaka elfu mbili na mia sita baadaye.

Tena tazama vazi lenyewe. Mistari miwili kabla ya sheria ya ujira, Kumbukumbu la Torati 24:12-13 inasema vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe jua linapochwa, apate kulala nalo. Kutoka 22:26-27 inaeleza kwamba hilo ndilo blanketi lake, hana jingine la kujifunika. Na mkopeshaji, inasema 24:10-11, asiingie ndani kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amletee. Hata mdaiwa ana kizingiti chake. Kigae cha mvunaji kinatuonyesha kwamba sheria hizi ziligusa maisha hasa ya watu hasa. Wafalme wa Pili 22 inatuambia kwamba siku za Yosia huyohuyo, yapata mwaka 622 kabla ya Kristo, kitabu cha Torati kilipatikana Hekaluni, na mfalme alipokisikia akararua mavazi yake. Wasomi wengi wanakihusisha kitabu hicho na Kumbukumbu la Torati. Huku mfalme anararua vazi lake kwa toba, kule pwani kibarua anadai vazi lake lirudishwe. Kusikia Neno na kulitenda ni safari, na maskini ndiye anayejua imefika wapi.

Mwana wa Yosia, Yehoyakimu, hakuifanya safari hiyo. Nchi ilikuwa inalipa kodi nzito kwa Farao Neko, talanta 100 za fedha na talanta moja ya dhahabu, naye alijijengea jumba kubwa, madirisha mapana, mbao za mwerezi, rangi nyekundu. Waliojenga hawakulipwa. Yeremia 22:13-17 ni hotuba ya nabii mbele ya jumba hilo. Anamkumbusha mfalme habari za baba yake: Yosia alikula na kunywa kama watu wengine, lakini alitenda haki, akamtetea maskini na mhitaji. Kisha Mungu anauliza kama huko siko kumjua yeye.

Hapo ninakaa sana. Tumezoea kusema fulani anamjua Mungu kwa sababu ya maombi yake, au anavyoyakariri Maandiko. Yeremia anasema kumjua Mungu kulionekana kwa Yosia pale alipompa maskini haki yake, na kutomjua kulionekana kwa mwanawe kwenye kuta zilizopakwa rangi na watu wenye njaa. Kila nyumba nzuri tunayoiingia kwa ibada ya kuibariki, kabla mchungaji hajanyunyiza maji au kumimina mafuta, ingefaa aulize kama mafundi wameshalipwa.

*

Bwana Yesu alipotaka kueleza wema wa Mungu ulivyo, alichukua habari za vibarua. Mathayo 20:1-16 ni mfano ambao msomaji wa Kiswahili anauelewa kwa wepesi kuliko wasomaji wengi duniani. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta watu, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja. Kwingine wasomaji hulazimika kugeuza saa hizo ili waelewe. Sisi tunaitazama saa ya ukutani tu. Saa tatu ni saa tatu. Na saa kumi na moja ni ile saa ambayo kila aliyewahi kusimama kijiweni anaijua, saa ambayo anayebaki amekwisha kujua kwamba leo anarudi mikono mitupu.

Wa kwanza walipatana dinari moja, ujira wa kawaida wa siku. Jioni mwenye shamba anamwagiza msimamizi awaite walipwe. Usipite haraka hapo. Jioni. Mwenye shamba wa Yesu anaitii Torati bila kutajwa kwamba anaitii. Wasikilizaji walijua, kama samaki anavyojua maji. Tena mwanahistoria Myahudi Josephus anasimulia jambo la karne hiyohiyo ya kwanza. Ujenzi wa Hekalu ulioanzishwa na Herode ulipokamilika, miaka michache kabla ya Warumi kulibomoa mwaka 70, mafundi na vibarua zaidi ya 18,000 walibaki bila kazi, na fedha za Hekalu zikatumika kuwapa kazi nyingine. Anasema aliyefanya kazi hata saa moja tu alilipwa palepale. Kibarua wa saa moja, Yerusalemu, alipokea chake.

Mfano huu hauhusu viwango vya mishahara. Petro alikuwa ameuliza, mwishoni mwa sura ya 19, watapata nini wao walioacha yote. Yesu anajibu kwamba katika Ufalme, aliyekuja mwisho anapewa kwa wema wa mwenye shamba, na aliyekuja kwanza asione kijicho. Hiyo ndiyo maana yake kuu, wala nisingependa mtu aigeuze kuwa kanuni za ajira. Hata hivyo, Yesu alichagua umbo hilo kwa makusudi. Aliyefanya kazi saa moja ana tumbo la siku nzima, na watoto wake pia. Mwenye shamba anawapa wote chakula cha siku.

Nimewasikia waajiri wakiushika mfano huu kwa upande wa makali. Wananukuu lile swali la mwenye shamba, kama si halali yake kutumia mali yake apendavyo, kisha wanampunguzia mtu, au wanamlipa kila mmoja kwa jinsi walivyoamka. Turudi kwenye mfano wenyewe. Uhuru wa mwenye shamba unaenda juu tu. Hakuna hata mmoja aliyepata pungufu ya walichopatana. Wa kwanza walilipwa dinari yao kamili. Anayetaka kutumia uhuru huo aanze kwa kutimiza mapatano, kisha azidishe anavyopenda; hapo hakuna atakayemzuia.

Waefeso 6:5, inayowaagiza watumwa watii mabwana zao, imeshikwa hivyohivyo kwa vizazi vingi, na inasomwa mbele ya wafanyakazi wa ndani mpaka leo. Wakolosai 4:1 inawaelekea mabwana na kuwataka watoe kilicho haki na sawa, kwa kuwa nao wana Bwana mbinguni. Anayeusoma mmoja kwa sauti ausome na wa pili.

*

Kwenye historia ya nchi yetu jua lilizama mara nyingi bila ujira. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, wakati wa ukoloni, kibarua alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyokamilisha kiasi alichopangiwa, kadi iliwekwa alama. Asiyefikisha kiasi hakuhesabiwa. Mshahara ulitoka kadi ikijaa. Watu waliotoka Kigoma, Burundi, Msumbiji, mbali na ndugu wa kuwakopesha unga, walisubiri alama thelathini. Kumbukumbu la Torati 24 ilimtaja mgeni kwa sababu hiyo hasa. Mgeni hana mjomba wa kumkimbilia jioni.

Leo sheria za nchi zimesogea. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 18, inasema mshahara wa kibarua unadaiwa mwisho wa siku. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mshahara ulipwe siku iliyokubaliwa, kazini, ndani ya saa za kazi. Mbunge hakuwa akinukuu Torati, lakini amefika karibu na mlango wake. Mkristo ambaye anasubiri apelekwe kwa afisa wa kazi ndipo alipe, amekubali kuongozwa na serikali mahali ambapo Mungu alikuwa amekwisha kusema naye.

Na sasa hata kisingizio cha benki kimepungua. Hela inatumwa kwa simu kabla fundi hajafika kituoni. Anayelipa kwa simu aongeze ya kutolea, maana kibarua aliyepatana 15,000 akakatwa ada kwa wakala hajapewa 15,000. Ni kitu kidogo kukitaja, na wengine wataona nimeshuka sana. Walawi 19 ilishuka mpaka kwenye mizani na vipimo vya nafaka.

Kuna kuchelewesha kwingine kunakovaa nguo ya wema, nako kuko ndani ya nyumba zetu. Dada wa kazi anaambiwa mshahara wake anawekewa, atapewa akienda kwao Desemba. Mama mwenye nyumba hana nia mbaya. Anaona binti ni mdogo, atazichezea. Lakini miezi inapita, ada ya shule inaingia katikati, hela ya dada inaazimwa, na Desemba inapofika anapewa nusu na kitenge. Sheria ilisema ujira usilale kwako. Binti akitaka kuweka akiba, afunguliwe akaunti au namba yake mwenyewe ya simu, aone salio kwa macho yake, na neno la siri alijue yeye. Mithali 3:27-28 inatukataza kumwambia jirani arudi kesho kama kitu chake tunacho sasa. Huyu anaambiwa arudi Desemba, naye analala chumba cha pili.

*

Yakobo ndiye anayelifikisha jambo hili kanisani. Katika 5:4 anawageukia matajiri wenye mashamba na kuwaambia kwamba ujira waliouzuia unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Katika Torati, anayelia ni kibarua. Kwa Yakobo hela yenyewe inalia, ikiwa mfukoni mwa aliyeizuia. Yakobo alijua alichokifanya. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, Mwanzo 4:10. Waisraeli walilia chini ya kazi za Farao, Kutoka 2:23, na Mungu akasikia, na habari yote ya wokovu ikaanzia hapo. Anayezuia ujira anajiweka upande wa Kaini na wa Farao, hata kama ana cheti cha ubatizo. Yoshua bin Sira, kwa walio na vitabu hivyo katika Biblia yao, anafika mbali zaidi, katika sura ya 34: kumnyima mfanyakazi ujira wake ni kumwaga damu. Ndiyo maana mapokeo ya Kikatoliki yameiweka dhambi hii kati ya dhambi zinazomlilia Mungu, pamoja na kuua. Na Papa Leo XIII, alipoandika juu ya haki za wafanyakazi katika Rerum Novarum mwaka 1891, alitegemea mstari huohuo wa Yakobo.

Yakobo aliandika kwa watu walioabudu pamoja. Katika sura ya 2 yumo mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti cha mbele, na maskini anayeambiwa asimame kule. Yawezekana siku hiyo mwajiri na mvunaji walikuwa katika chumba kimoja, barua ikisomwa kwa sauti. Sisi pia tumo chumba kimoja. Yule aliyesimama kuahidi mifuko 50 ya saruji kwenye harambee, na watu wakapiga makofi, ana mlinzi anayemdai miezi miwili, na mlinzi huyo ameketi benchi la nyuma. Anasikia ahadi. Anapiga makofi na wenzake. Amosi 2:8 aliwakuta watu wa namna hiyo kando ya madhabahu, wamejinyoosha juu ya mavazi ya rehani.

Na kanisa lenyewe? Wahubiri hupenda 1 Timotheo 5:18, kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake, na ni haki yao. Paulo anaunganisha neno hilo na la ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa, lililo katika Kumbukumbu la Torati 25:4, sura moja tu baada ya ile ya jua kuchwa. Basi neno hilo limfikie pia katekista anayetembea vigango vitatu, mpishi wa nyumba ya mapadre, mlinzi wa usiku wa usharika, na vijana wanaochimba msingi wa kanisa jipya ambao mwisho wa siku huambiwa wahesabu kwamba wamemtolea Mungu. Kujitolea ni kuzuri kwa aliyeamua mwenyewe, asubuhi, kabla ya kushika jembe. Aliyepatana ujira na jioni akaambiwa ni sadaka, ameporwa, na jina la Mungu limetumika kumpora.

*

Msomaji ananiuliza: na mimi ambaye sijalipwa? Mkandarasi mdogo anadai, mwalimu wa shule binafsi hajaona mshahara wa miezi miwili, naye ana msichana wa kazi nyumbani. Swali hili ni la kweli, na Maandiko hayamkandamizi. Mithali 3:27 inaweka sharti, ikiwa iko katika uwezo wako kutenda. Asiye nacho hahukumiwi kama aliye nacho. Lakini kuna mawili yaliyo ndani ya uwezo wa kila mtu. La kwanza ni kusema kweli kabla kazi haijaanza. Mwenye shamba alipatana na watu alfajiri. Anayejua kwamba hela yake ina mashaka amwambie kibarua asubuhi, akubali au aende kijiwe kingine kutafuta riziki ya leo. Kumnyamazia ni kumkopa bila idhini yake. La pili ni kumweka mbele ya foleni. Hela ikiingia kidogo, wengi wetu huanza na wadai wanaotutisha: benki, mwenye nyumba, duka kubwa. Wa mwisho ni yule anayekaa juu ya tofali asiseme kitu. Ukiisoma Torati kwa moyo wote, foleni hiyo inageuka.

Yapo pia madeni ya zamani. Fundi aliyekujengea uzio miaka ile mkagombana mwishoni, ukamkata. Dada aliyeondoka kwa hasira bila hesabu yake. Dawa ya deni kulipa, na Biblia inakubali, lakini inaongeza dozi. Hesabu 5:7 inamtaka aliyedhulumu aungame, arudishe chote, aongeze sehemu ya tano. Aliyezuia 100,000 arudishe 120,000. Zakayo, katika Luka 19, alijipandishia mwenyewe hadi mara nne, na nusu ya mali yake akawapa maskini. Na Yesu alisema wokovu umefika nyumbani humo baada ya kusikia hesabu hiyo. Kama mtu amefariki, Hesabu 5:8 inaelekeza hela iende kwa ndugu yake wa karibu; asipokuwepo, ipelekwe kwa Bwana, kwa kuhani. Kwa hiyo mtafute kwanza. Uliza mafundi wenzake, uliza mwenyekiti wa mtaa, piga ile namba ya zamani. Sadaka ni njia ya mwisho, pale ambapo hakuna mwanadamu wa kulipwa, wala haiwezi kutumika kukwepa kumwangalia mtu usoni.

Kwa wale mnaosoma kitabu hiki katika jumuiya au vikundi vya nyumba kwa nyumba, fanyeni hivi kabla ya kuingia sura ya sita. Someni Malaki 3:1-12 yote, mtu mmoja kwa sauti, bila kuruka. Kisha kila mmoja akae kimya na aandike majina ya wanaomdai jasho lao, na kiasi, asimwonyeshe mtu. Msifunge kwa maombi marefu. Kama ni Jumamosi asubuhi, mawakala wamefungua.